Mliotembea kwenda Namugongo au kwingineko, tupeane uzoefu: mlikutana na nani njiani?

Msafiri wa Umoja
Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Kila Juni 3, siku ya Mashahidi wa Uganda kule Namugongo karibu na Kampala, inapokaribia, parokia zetu za Eastlands, Nairobi, hujaa habari za basi: nauli, viti, saa ya kuondoka. Leo nataka tuwasikie waliotembea, hasa kuhusu watu waliokutana nao.

Mimi nilijiunga na kikundi mpakani Busia. Kulikuwa na shosho kutoka Kakamega ambaye malengelenge yalimzidi, akavua raba akavaa ndala, na bado alikuwa anaongoza rozari. Tulipofika Bugiri akatokea kijana wa Tororo, akamchukulia begi lake bila kuombwa, na hakulitua mpaka Iganga. Kumbe ni Mwanglikana, anaelekea kituo cha hija cha kwao hapo hapo Namugongo. Usiku tulilala darasani, kila mtu na mkeka wake, tukaongea mpaka tukasahau miguu. Yeye akahesabu mashahidi 23 wa kwao, sisi 22 wa kwetu, waliouawa kati ya 1885 na 1887 chini ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Juni 3, 1886 baadhi yao walichomwa pamoja, Wakatoliki na Waanglikana. Shosho akamwambia kwamba Papa Paulo VI, alipowatangaza wale 22 kuwa watakatifu mwezi wa Oktoba 1964, aliwakumbuka na hao wa Kianglikana. Kijana hakuwa anajua. Alinyamaza kidogo, kisha akaomba tusali pamoja kabla ya kulala. Nimeshahudhuria misa nyingi kubwa, lakini sala ile ya darasani ndiyo iliyonishika.

Mzee wa Githurai
Milele na milele, Amina. Sisi tulianza Nairobi yenyewe, na ninawatia moyo wenye nguvu wafanye hivyo. Ni zaidi ya kilomita 600. Hadi Nakuru mnatembea kama abiria wa matatu moja, kila mtu na yake. Kufikia Kisumu mnajua nani anakoroma, nani ana presha, nani anatembea kwa ajili ya mtoto aliyepotelea kwenye pombe. Huyo wa mwisho alikuwa baba mmoja asiyesema neno. Alitueleza siku tuliyovuka Mto Nile pale Jinja, na kuanzia hapo kikundi kizima kilimtaja yule kijana katika kila kumi la rozari.

Ushauri: tembeeni upande wa kulia ili magari yaje mkiyaona, maana matrela ya miwa ya Kakira na Lugazi hayana huruma. Msitu wa Mabira mpite mchana, mkiwa kundi moja.

Mama wa Kayole
Niseme ukweli, si lazima mtu avuke mpaka. Sisi huenda Subukia, kwenye Kijiji cha Maria Mama wa Mungu, kwa siku ya maombi ya kitaifa mwezi wa Oktoba. Tunashukia Nakuru halafu tunatembea. Nilikutana huko na mama wa Nyahururu, tukachota maji ya chemchemi pamoja kule kilimani, na mpaka leo tunaombeana kwa simu. Binti yake alipokuja kusoma Nairobi, alifikia kwangu.

Nesi wa South B
Mimi nilikuwa Hispania kikazi, nikatembea Njia ya Mtakatifu Yakobo kuanzia Sarria hadi Santiago de Compostela, kilomita 100 na kidogo, ambayo inatosha kupewa cheti. Unafuata mishale ya manjano. Padre Elías Valiña ndiye aliyeanza kuichora miaka ya 1980, na huwezi kupotea. Tofauti niliyoiona ni kwamba huku kwetu unatoka na kikundi, kiongozi na nyimbo. Kule wengi huanza peke yao, na kikundi kinajitengeneza chenyewe kwenye mabweni ya mahujaji. Mzee mmoja kutoka Korea alinitoboa lengelenge kwa sindano aliyoipitisha kwenye moto, akanifunga kisigino vizuri kuliko ambavyo ningejifunga mwenyewe, na mimi ndiye nesi! Hatukuwa na lugha moja, lakini kila jioni alipita kuniangalia mguu.

Binti wa Kariobangi
Nimesoma hizi nikiwa na machozi. Mama yangu ni mjane, anatamani sana kwenda kwa miguu mwaka huu, lakini mimi sitapata ruhusa kazini na naogopa kumwachilia peke yake. Kuna kikundi chenye kina mama wa rika lake?

Mzee wa Githurai
Binti, tunao, na mke wangu ni mmoja wao. Aje na kitambulisho, dawa zake kama anatumia, leso mbili na soksi za pamba. Kutoka Busia tu kunamtosha kwa mara ya kwanza. Ila aanze mazoezi sasa hivi: Jumamosi hii atembee hadi mjini, kisha arudi na matatu.