Walitutoza viingilio vya mahali ambapo hatukuingia, Nairobi tukaiona kupitia kioo cha gari

Jamani, nina hasira na sitaificha. Kuna kampuni ya kutembeza wageni hapa Nairobi iliyochukua pesa zetu kwa ahadi ya siku nzima ya kuona jiji, "viingilio vyote vimo", ikatuzungusha garini kutwa. Mahali pekee tuliposhuka tukakaa ni dukani. Duka la vinyago!

Mama na mama mdogo walikuja na treni kutoka Mombasa, pamoja na watoto wa dada yangu. Mama mdogo alikuwa na haja moja tu: kufika kwenye bustani ya kumbukumbu pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie, asome ukutani jina la kijana wa jirani yake aliyekufa ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa tarehe 7 Agosti 1998. Nilimweleza mwenye kampuni kwa simu, nikamwandikia na ujumbe. Akajibu, "Hakuna shida, mama atashuka."

Gari lilikuja limechelewa, kisha likaenda kungoja wageni wengine Westlands ambao walikuwa bado wanakunywa chai. Tulipofika Haile Selassie, kijana mtembezaji akanyoosha kidole: "Pale ndipo palipolipuliwa." Dereva hakupunguza hata mwendo. Mama mdogo alikuwa ameshafungua mkoba, ametoa miwani, ameivaa. Nikapiga kelele gari lisimame, nikaambiwa hapa hakuna maegesho, tutapitia jioni. Jioni hiyo haikufika. Watu zaidi ya 200 walikufa pale, na mzee aliyesafiri kutoka pwani ananyimwa hata dakika chache za kusimama aombe dua. Kesho yake nilimpeleka mwenyewe kwa matatu, kwa nauli yangu, na kiingilio nikalipa tena.

KICC, lile jumba refu la mikutano, nako tuliishia uani, kwenye sanamu ya Mzee Kenyatta. Ratiba niliyotumiwa inasema tutapanda hadi juu tuone jiji lote, lakini muda ulikuwa umeshaliwa na chai ya Westlands. Halafu mtembezaji akawaambia watoto eti jumba lile lilijengwa na Waingereza. Waingereza gani? Uhuru tulipata 1963, ujenzi ukaanza 1967, jumba likakamilika 1973. Waliolichora ni Karl Henrik Nøstvik wa Norway na David Mutiso, Mkenya mwenzetu. Mpwa wangu alikuwa anaandika kila kitu kwenye daftari lake la shule, ikabidi nikae naye tufute. Mtu anakula mshahara kwa kazi ya kueleza mji, na jumba kubwa namna ile hajui nani alilijenga!

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba katikati ya mji hapahitaji gari. Kutoka KICC unafika kwa miguu kwenye sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, ameshika bunduki na kisu, iliyozinduliwa 2007, miaka 50 tangu anyongwe. Unaendelea hadi Jumba la Kumbukumbu za Kitaifa, lenye mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais, na hapo jirani ndipo waziri Tom Mboya alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969. Mama ana magoti mabovu lakini angefika, polepole. Vyote vimo kwenye ratiba. Hatukuona hata kimoja.

Kwenye kituo cha ndovu yatima cha Sheldrick, wageni wa kawaida huruhusiwa saa tano hadi saa sita mchana, basi. Kila anayefanya kazi hii anajua. Sisi tulifika watu wanatoka.

Lakini muda wa duka ulipatikana! Tulikaa humo hadi watoto wakalala kwenye mabegi. Hakuna viti. Mtembezaji akawa anatufuata nyuma na kikapu, "mama chukua hiki, mama shika hiki", na pale kaunta nikamwona mhudumu akiandika namba ya gari letu kwenye daftari kila mtu wa gari letu anapolipa. Mwenye macho haambiwi tazama: ile ni kamisheni, na ndiyo iliyopanga safari yetu. Tulipotoka, kituo cha twiga Lang'ata kilikuwa kimeshafungwa. Watoto walilia.

Nimewapigia. Wanasema ni foleni. Foleni ya Nairobi haikuanza juzi, na anayeuza safari ndani ya jiji hili anapaswa kuipangia. Nilipouliza pesa za viingilio ziko wapi, simu ikakatwa. Sasa hawapokei kabisa.

Ninachodai ni kiingilio cha kila mahali ambapo hatukuingia, kwa kila kichwa, watoto na wazee. Ratiba yao ninayo, ujumbe wao ninao, na risiti ya malipo ninayo. Aliyewahi kurudishiwa pesa na watu wa namna hii aniambie alipeleka malalamiko ofisi gani na alitakiwa kubeba karatasi zipi, maana Jumatatu asubuhi natoka nyumbani nikiwa nazo mkononi.