Tupeane uzoefu: ulipoteza ujauzito, na chanzo kikawa kitu ambacho hukuwahi kukisikia

Mwanzisha mada

Wapendwa, habari zenu. Uzi huu ni wa wale waliopoteza ujauzito, uwe mchanga au mkubwa, kisha wakaja kuambiwa sababu ambayo haitajwi kila siku. Malaria, presha, sukari na kaswende tunafundishwa kliniki, na ni sawa, maana zinachukua watoto wengi. Lakini tupo ambao vipimo vyote vya kawaida vilitoka safi na bado tukarudi nyumbani mikono mitupu. Ukikosa wa kukueleza, unaanza kujilaumu: nilipanda ngazi, nilikasirika sana siku ile, nililala vibaya.

Naanza mimi. Mimba ya kwanza, mapigo ya moyo wa mtoto yalisimama wiki ya 11. Nikaambiwa hutokea, na kweli hutokea. Takribani nusu ya mimba zinazotoka mapema zina hitilafu ya kromosomu iliyoanza tangu yai linarutubishwa, na hakuna alichofanya mama. Ya pili ilifika wiki ya 24. Mtoto alikuwa ameacha kukua na kondo la nyuma lilikuwa na mabonge ya damu iliyoganda. Hapo daktari mmoja hakuridhika. Akaniuliza kama nimewahi kuvimba mguu mmoja tu. Nikamwambia ndiyo, zamani kabla ya mimba hizi, nikapewa dawa ya maumivu na ukaisha. Akaandika vipimo vitatu vya damu ambavyo sikuwa nimevisikia. Majibu yakaja chanya. Vikarudiwa baada ya wiki 12, kwa sababu maambukizi ya kawaida yanaweza kuvipandisha kwa muda, na vikatoka chanya tena.

Ugonjwa unaitwa antifosfolipidi. Kinga ya mwili inatengeneza kingamwili zinazoifanya damu igande mahali isipotakiwa, na kondo linashindwa kumlisha mtoto. Mimba iliyofuata nilipewa aspirini ya dozi ndogo kila siku, na sindano ya heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ambayo haivuki kwenda kwa mtoto. Nesi alinifundisha kujichoma mwenyewe: unabana nyama ya tumbo kwa vidole viwili, unaingiza sindano wima, unasukuma dawa taratibu, ukitoa husugui. Ukisugua unabaki na madoa ya bluu. Mwanangu huyo sasa anakimbia. Tafadhali mtu asijianzishie aspirini au sindano kwa kusoma hapa. Anayepima ndiye anayepanga dawa.

Unapoandika, tuambie dalili ilikuwaje, iligunduliwa kwa kipimo gani, na kama ulipata mimba nyingine ilihudumiwaje. Hivyo ndivyo vitakavyomsaidia mwenzako.

SubiraYangu

Asante dada kwa kuanzisha. Yangu ilikuwa muwasho. Wiki ya 33 nikaanza kuwashwa viganja na nyayo, bila kipele hata kimoja. Mchana naweza kuvumilia, usiku ndio balaa. Nalala na miguu nimeiegemeza kwenye sakafu ya baridi, najikuna kwa brashi ya nywele mpaka damu inatoka. Nikauliza, nikaambiwa ngozi inatanuka, nipake mafuta. Wiki ya 36 mtoto akanyamaza. Alikuwa na uzito mzuri na hana kasoro yoyote.

Baadaye ndio nikaelezwa kuhusu nyongo. Kwa baadhi yetu, homoni za ujauzito zinalifanya ini lisimwage nyongo vizuri, asidi za nyongo zinarundikana kwenye damu, na zikizidi moyo wa mtoto unaweza kusimama ghafla. Utrasaundi haikuonyeshi hatari hiyo. Kinachoonyesha ni kipimo cha damu cha asidi za nyongo pamoja na vipimo vya ini. Daktari alinieleza kuwa hatari kwa mtoto inapanda waziwazi zikifika maikromoli 100 kwa lita ya damu, ila wengi wenye tatizo hili hawafiki huko na watoto wao wanazaliwa salama.

Huu ugonjwa una tabia ya kurudi. Mimba iliyofuata muwasho ulianza tena, ila safari hii damu ilipimwa mara kwa mara na nikaanzishiwa uchungu mapema. Binti yangu yupo. Mama yeyote anayesoma hapa, viganja na nyayo zikikuwasha na hakuna upele, taja neno "ini" mbele ya daktari.

Mwanzisha mada

Pole sana SubiraYangu. Mafuta ya kupaka! Wangapi wamepewa jibu hilo.

Baba J

Naomba niandike kwa niaba ya mke wangu, yeye bado hawezi. Mimba ilikuwa nzuri tangu mwanzo, kliniki hakukosa. Alfajiri chupa ikapasuka, na maji yakatoka na damu nyekundu kabisa. Hakuwa na maumivu. Alikuwa anaongea, presha yake nzuri, kwa hiyo hata tulipofika kila mtu alimwangalia yeye, na yeye alikuwa mzima. Kumbe damu ile haikuwa yake. Ilikuwa ya mtoto.

Tulielezwa hivi. Kawaida mishipa ya mtoto inapita ndani ya kiungamwana, ile kamba ya kitovu, imefunikwa vizuri. Kwa mke wangu kiungamwana kilijishika pembeni, kwenye utando wa chupa, na mishipa ikatambaa mitupu juu ya mlango wa kizazi. Utando ulipopasuka, mshipa nao ukapasuka. Mtoto anayekaribia kuzaliwa ana damu kidogo sana mwilini, kama robo lita hivi. Inaisha kwa dakika.

Kilichoniuma zaidi ni kusikia kwamba inaonekana kabla. Utrasaundi ya katikati ya mimba, ikiwa ya aina inayoonyesha mtiririko wa damu kwa rangi, na mpimaji akiangalia kiungamwana kimejishika wapi, anaiona. Ikishajulikana mama hasubiri uchungu. Anafanyiwa upasuaji wiki kadhaa kabla ya tarehe, chupa ikiwa bado nzima, na karibu watoto wote wanaishi. Kama kondo lako lilisemwa liko chini, au lina vipande viwili, au mimba ni ya kupandikizwa, au ni mapacha, uliza swali hilo hata kama utaonekana msumbufu.

Mama Pendo

Kaka pole, mwambie shemeji tunamwombea.

Mimi mlango wa kizazi. Wiki ya 20, nimekaa chooni, nikahisi kitu kizito kama kinashuka. Hakuna uchungu, hakuna damu. Nilipopimwa nikaambiwa njia imefunguka na utando umeshachungulia nje. Mtoto alizaliwa akiwa hai, na kwa umri ule hakuna la kufanya. Mimba ya pili nilishonwa wiki ya 13, uzi ukatolewa wiki ya 37. Usifikiri ni upasuaji wa kutisha, nilirudi nyumbani mapema tu. Kwa asiyehitaji kushonwa wanapima urefu wa mlango kwa utrasaundi ya kupitia ukeni. Ukipungua chini ya milimita 25 kabla ya wiki ya 24 wanaangalia kama wakushone au wakupe homoni ya projesteroni.

Zuhura_K

Mimi mimba zabibu. Kichefuchefu cha kupitiliza, tumbo kubwa kuliko wiki zangu, utrasaundi hakuna mtoto, ni vijifuko vijifuko tu. Nilisafishwa nikadhani yameisha. Hayakuwa yameisha: homoni ya mimba lazima ifuatiliwe kwa kipimo cha damu mpaka ishuke kabisa, na usibebe mimba nyingine mpaka uruhusiwe. Mabaki yake yanaweza kugeuka saratani, ambayo kwa bahati nzuri inatibika vizuri sana ikiwahiwa. Wanaokwambia "beba nyingine haraka usahau" hawajui hili.

Anonimasi

Samahani, naomba kuuliza. Mimi damu yangu ni O hasi, mume ni chanya. Mimba ya kwanza ilitoka wiki ya 14, ya pili mtoto alifia tumboni akiwa amejaa maji mwili mzima. Hakuna aliyenichoma sindano yoyote ile ya kwanza ilipotoka. Inaweza kuwa ndiyo sababu?

Mkunga Mstaafu

Mwanangu, pole. Inawezekana kabisa, lakini ithibitishwe. Kuna kipimo cha damu kinachoonyesha kama mwili wako umeshatengeneza kingamwili dhidi ya damu chanya. Kifanye kabla hujabeba tena. Mwenye damu hasi ambaye mwili wake haujatengeneza kingamwili hizo anapaswa kupata sindano ya Anti-D, inayozuia zisitengenezwe, ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto mwenye damu chanya, na baada ya mimba kutoka kwa umri kama ule wako. Sehemu nyingi huitoa pia wiki ya 28. Zikishatengenezwa, sindano haizifuti tena. Hata hivyo njia haijafungwa: mtoto hufuatiliwa kwa utrasaundi kuona kama anaishiwa damu, na kwenye hospitali kubwa huongezewa damu akiwa bado tumboni. Kumbuka pia kwamba mtoto kujaa maji kuna visababishi vingine, kama hitilafu za moyo au kile kirusi cha parvo kinachowapa watoto wa shule mashavu mekundu. Usiishie kwenye jibu moja.

Na kwa kuwa nimeshaingia, niseme la kiungamwana. Wazazi wengi wanaambiwa "alijinyonga na kitovu". Karibu mtoto mmoja kati ya wanne anazaliwa kimemzunguka shingo, na walio wengi wanalia vizuri tu. Hata fundo la kweli mara nyingi halidhuru mpaka likazwe. Sisemi haiui, inaua. Ila jibu hilo lisitolewe kwa haraka na kufunga faili, kwa sababu mama huyo anaweza kuwa na tatizo litakalojirudia. Nimeona kondo lililoonekana zuri kwa macho, lilipowekwa chini ya darubini likakutwa limejaa seli za kinga za mama mwenyewe. Ni ugonjwa adimu sana, hakuna utrasaundi inayouona, na huwa unarudi mimba inayofuata. Kondo lile lingetupwa, yule mama asingejua kamwe.

Mama Pacha

Nawaongezea wenye mapacha: uliza mapema kama wanatumia kondo moja. Wangu walitumia moja, mmoja akawa anampa mwenzake damu kupitia mishipa iliyoungana. Mmoja akakaukiwa maji, mwenzake akazidiwa. Tumbo lilikaza na kukua ndani ya wiki moja tu. Mapacha wa kondo moja wanatakiwa utrasaundi kila baada ya wiki mbili kuanzia wiki ya 16, na ikigundulika mapema mishipa hiyo inachomwa kwa leza. Mimi nilikuwa napimwa kama mwenye mtoto mmoja. Niliwapoteza wote.

Neema2

Nimesoma nalia. Mtoto wangu amekosa mapigo tangu jana, wiki ya 31. Nipo wodini, wamenipa dawa ya kuanzisha uchungu. Sijui niulize nini. Mume yupo nje.

Mwanzisha mada

Neema mdogo wangu, pole, pole sana. Mwombe nesi mume aruhusiwe kukaa nawe. Kisha yeye ndiye aseme haya, wewe usijichoshe: kondo na kiungamwana visitupwe, vipelekwe maabara kuchunguzwa. Damu yako ichukuliwe leo, hasa kile kipimo kinachoangalia kama damu ya mtoto iliingia kwenye mwili wako, maana hicho kinataka kufanyika mapema. Kundi la damu liangaliwe. Uulizwe kama mtoto apimwe kromosomu au afanyiwe uchunguzi. Una haki ya kukubali na una haki ya kukataa. Kila kitu kiandikwe kwenye karatasi utakayotoka nayo.

Kumwona na kumshika mtoto ni uamuzi wako, na hakuna mwenye haki ya kukuharakisha. Maziwa yanaweza kuingia baada ya siku mbili tatu. Waulize mapema namna ya kuyakausha. Ukitokwa damu nyingi, homa au kichwa kikiuma sana, ita mtu hapohapo.

Mkunga Mstaafu, kama bado upo hapa, endelea na Neema usiku huu. Na mimi sitoki.