Eti udongo "umelala"! Yule injinia wenu kaniambia hivyo leo Sahare

Binti wa Sahare: Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Mnamjua, simtaji. Kofia njano, gari halizimwi. Kasimama mbele ya ukuta wangu wa kuzuia udongo, uliotoa tumbo, kanitazama juu mpaka chini, mbele ya vibarua, akasema: "Mama, udongo hausukumi. Udongo umelala."

UMELALA!

Ukuta ulikuwa wa mita 1, yeye ndiye aliyeshauri upandishwe mpaka 2. Kimo mara mbili, msukumo mara nne! Nyuma kajaza mfinyanzi na kifusi, hakuna kokoto, hakuna tundu hata moja la kutolea maji. Masika imeshusha. Maji peke yake yakijaa kimo hicho yanasukuma kama tani 2 kwa kila mita ya ukuta, bado udongo wenyewe! Tumbo limetoka theluthi ya chini, palepale nguvu inapokaa, na tope linachuruzika katikati ya mawe. Coulomb, mhandisi Mfaransa, kachapisha hesabu za msukumo wa udongo 1776, babu wa babu yake hajazaliwa! Halafu mimi naambiwa umelala. Mtaa mzima umesikia, mpaka samaki wa Raskazone wamesikia!

Mwambao: Dada, ulitaka auamshe? Weka picha.

Kijana wa Duga: Pole. Toboa matundu chini leo hii, watoto wasicheze hapo. Ukuta mgumu ndio unaoumia: ungeachia kidogo, udongo ungejishika wenyewe kwa kiasi. Ukikaza, unaubeba mzigo wote.

Binti wa Sahare: Mwambieni yeye! Kwake udongo umelala!

Mama Makorora: Shoga yangu, huyo huyo! Mimi kanijengea karo la maji taka, masika likaelea.

Mwambao: Karo likaelea??

Mama Makorora: Lilikuwa tupu. Maji ya ardhini yakapanda, yakalinyanyua na mfuniko wake. Nampigia simu, ananiambia nilijaze. Nilijaze nini, na bomba limeshakatika?

Mzee wa Pwani: Afadhali nyie mnaonana naye. Fundi wangu wa vigae kachukua hela yote, kaenda harusini Pemba, simu haipatikani. Sebule nusu vigae, nusu vumbi.

Binti wa Sahare: Jamani, ukuta wangu! KASEMA UMELALA!

Kijana wa Duga: Mzee, huyo wa vigae ana pengo mbele? Na mimi namtafuta.

Mwambao: Mama Makorora, hilo karo mlilirudishaje chini?