TV ya msikitini: umeme ukikatika saa za sala zinavurugika (Raspberry Pi 4 + Anthias)

mwambao_tech
Assalaam aleikum wakuu, na habari zenu wengine wote.

Msikiti wa mtaani kwetu hapa Tanga umepewa TV ya inchi 43 na muumini mmoja. Wazee wakanitazama mimi: wewe si kijana wa kompyuta, basi tutengenezee. Wanataka ionyeshe saa za adhana na iqama, matangazo ya darsa, na mchango wa tangi jipya la maji ya udhu umefikia wapi. Nyuma ya TV kuna Raspberry Pi 4 (kikompyuta kidogo) yenye Anthias, ile programu huria ya kuonyesha matangazo kwenye TV, iliyokuwa ikiitwa Screenly OSE. Katibu anapandisha picha mwenyewe kwa brauza ya simu yake akiwa kwenye Wi-Fi ya msikiti. Hakuna leseni ya kulipia. Mpaka hapo safi.

Tatizo ni saa. Ruta ni ya laini ya simu na bando likiisha ndiyo limeisha. Umeme ukikatika ukarudi wakati hakuna intaneti, Pi inawaka na saa iliyochelewa. Juzi TV inasema adhuhuri bado, muadhini akaitazama, akatazama saa yake ya mkononi, akaadhini. Tangu hapo mzee mmoja anaiita "luninga yenu".

La pili, wazee hawataki kuona 12:30, wanataka 6:30. Jamaa yangu kanishauri nirudishe saa ya mashine masaa sita nyuma. Hainiingii akilini, ila sina hoja ya kumjibu.

La tatu, pembeni juu panatokea alama ya radi ya njano, halafu video zinakwamakwama.

fundi_kisauni
Waaleikum salaam ndugu yangu. Hoja ya kumjibu jamaa yako ni hii: siku bando likirudi, Pi itauliza saa mtandaoni na kujirekebisha yenyewe, na wazee wako watarudi kuona 12:30 katikati ya darsa. Tena tangazo ulilolipangia tarehe na saa kwenye Anthias litafuata saa hiyo ya uongo. Mashine iache kwenye saa za Afrika Mashariki. Badilisha maandishi tu, ndani ya ukurasa wako wa saa za sala:

`(saa + 6) % 12 || 12`

Kumi na mbili inakuwa sita, kumi na tisa inakuwa moja. Kwisha.

Kuhusu kuchelewa: Pi 4 haina saa ya betri kwenye bodi. Inaandika wakati kwenye memori kadi mara kwa mara, ikiwashwa inaendelea kutoka pale ilipoandika mwisho. Umeme ukilala masaa matatu, na yeye amelala masaa matatu. Tafuta kidude cha saa kinaitwa DS3231 chenye betri ya CR2032. Kwenye joto la kawaida hukosea kama dakika moja kwa mwaka mzima. Pi 5 ina saa yake ndani, lakini hata hiyo betri unanunua mbali.

Kiunganishe kwenye pini ya volti 3.3, usiguse ya volti 5. Vingi vya bei rahisi vina njia ya kuchaji betri, na CR2032 si ya kuchajiwa. Isitoshe pini za data za Pi hazistahimili volti 5. Kisha kwenye config.txt, faili la mipangilio ya Pi, ongeza:

`dtoverlay=i2c-rtc,ds3231`

Ondoa fake-hwclock (ile programu inayoandika wakati kwenye kadi) kama ipo, subiri siku yenye intaneti saa ikae sawa, andika `sudo hwclock -w` ili saa hiyo iingie kwenye DS3231.

mama_terminali
Hiyo radi ni ya umeme mdogo. Andika `vcgencmd get_throttled` utupe jibu. Na useme Pi inakula umeme wapi, maana nahisi najua.

mwambao_tech
Imejibu `throttled=0x50005`. Umeme unatoka tundu la USB la TV. Fundi aliyetundika alisema waya zikiwa chache ukuta unapendeza.

mama_terminali
Ukuta unapendeza, Pi inakufa njaa 😄. Hiyo 5 ya mwisho maana yake sasa hivi umeme hautoshi na kasi imepunguzwa. Hiyo 5 ya mbele, ilishatokea tangu iwashwe. Pi 4 inataka volti 5 ampea 3, na tundu la USB 2.0 kwa kanuni ni nusu ampea. Pia TV ikizimwa kwa rimoti tundu linaweza kukata umeme ghafla, na hapo ndipo memori kadi zinapoharibikia. Mpe adapta yake.

Utashauriwa uwashe overlay kwenye raspi-config ili kadi isiandikwe. Kwako usiwashe: kila tangazo atakalopandisha katibu litafutika Pi ikizimwa. Afadhali Pi uiwashe kutoka SSD ya USB (diski ya nje) badala ya memori kadi, Pi 4 inaweza.

fundi_kisauni
Nyongeza. Kama ukurasa wako unachukua saa za sala kwenye tovuti, acha. Kuna maktaba huria ya JavaScript inaitwa Adhan, inapiga hesabu palepale bila intaneti. Ipe latitudo -5.07 na longitudo 39.10, alasiri weka Shafi (madhehebu ya Imamu Shafi). Alfajiri na isha zitategemea njia ya hesabu utakayochagua, kwa hiyo kaa na imamu mlinganishe na kalenda mnayoifuata. Dakika mbili tatu unazirekebisha kwenye `adjustments`.

mwambao_tech
Nimewaelewa. Moja limebaki: imamu anataka kioo kizime wakati wa sala. Nitumie HDMI-CEC, ile njia ya Pi kuiamuru TV kupitia waya wa HDMI?

mama_terminali
`echo 'standby 0' | cec-client -s -d 1` inazima, `on 0` inawasha. Lakini lazima CEC iwe imewashwa kwenye TV (Samsung wanaiita Anynet+, LG SimpLink), na kuna TV zinazokubali kulala zikakataa kuamka. Mimi ningepanga ukurasa wenyewe uwe mweusi mtupu dakika kumi na tano kuanzia iqama, na Anthias isibadilishe ukurasa muda huo.