Nyumba ya Bel-Air yenye anekse isiyo na kibali cha kujenga: tununue au tuache?

Mama wa Kampemba

Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi na mume wangu tunataka kununua nyumba mtaani Bel-Air, hapa Lubumbashi. Ni nyumba ya zamani ya matofali ya kuchoma, ambayo mwenyewe amekuwa akiiongeza kidogo kidogo: nyuma amejenga anekse ya vyumba vitatu anamokaa mpangaji, baraza ya mbele ameizungushia ukuta ikawa duka lenye mlango wa barabarani, na chumba cha mwisho cha anekse kimeegemezwa kwenye uzio wa jirani. Hati ya usajili ipo, na jina lililomo ni lake. Lakini tulipomwomba atuonyeshe kibali cha kujenga cha anekse na cha duka, alijibu kwamba katika barabara ile hakuna aliye nacho, na komisionere, yaani dalali wa nyumba, akadakia kwamba mtu akishakuwa na hati, mengine ni maneno ya ofisini tu. Bei anayoitaka imehesabu kila chumba. Je, hati peke yake inatosha, au tatizo hilo litahamia kwetu pamoja na nyumba? Mume wangu anataka kutoa avansi, yaani malipo ya awali, kabla mwezi haujaisha.

Wakili, Kamalondo

Mama, hati ya usajili na kibali cha kujenga ni karatasi mbili zinazojibu maswali tofauti. Kwa sheria nambari 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, udongo ni mali ya Serikali, na sisi raia tunapewa konsesioni, yaani haki ya kuutumia. Haki ya mtu juu ya kiwanja, na juu ya majengo yaliyosimama humo, inathibitishwa kwa hati ya usajili. Kwa hiyo hati inasema nani mwenye haki, lakini haisemi kwamba kila ukuta ulipandishwa kwa ruhusa. Ruhusa inatolewa upande wa urbanisme, yaani ofisi ya mipango miji, na utaratibu wake umo katika agizo la waziri la tarehe 26 Juni 2013 kuhusu vibali vya kujenga. Komisionere anachanganya mambo hayo mawili, na sishangai, kwa kuwa yeye anapata chake siku mnapotia sahihi.

Kuhusu tatizo kuhamia kwenu: amri ya kusimamisha, kurekebisha au kubomoa inalenga jengo, na siku hiyo jengo litakuwa mikononi mwenu, hata kama mkono uliolijenga ni wa mwingine. Wala msiegemee sana dhamana ya muuzaji. Dekreti (amri ya kisheria) ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba inamwajibisha muuzaji kwa kasoro zilizofichika, si kwa zile ambazo mnunuzi aliweza kuziona mwenyewe. Nanyi mmeiona anekse, mmeuliza kibali na mmejibiwa. Ahadi yoyote anayowapa kwa mdomo iandikwe ndani ya mkataba wa mauzo, na ikiwa ameoa, mke wake naye akubali kwa sahihi, maana bila yeye mauzo yenyewe yanaweza kupingwa.

Mpima viwanja

Namuunga mkono wakili, ila kwa maoni yangu mnatazama karatasi kabla ya kutazama mahali. Jengo lisilo na kibali, likiwa ndani ya mipaka na limejengwa sawasawa, mara nyingi linaweza kuombewa ruhusa baadaye kwa kupeleka ramani na kulipa ada pamoja na faini. Jengo lililotoka nje ya mpaka halina dawa ya namna hiyo. Duka ndilo linalonitia wasiwasi kuliko anekse: baraza iliyofungwa na kupewa mlango wa barabarani mara nyingi imesogea mbele kwa hatua moja au mbili, na hapo imekwisha kuingia katika nafasi ya barabara, ambayo muuzaji hawezi kuiuza kwa sababu haikuwa yake.

Mchukueni mpima wenu, si yule anayeletwa na muuzaji, mwende naye mkiwa na kopi ya hati pamoja na mchoro wake. Atafute mawe ya mpaka yote manne. Katika viwanja vya zamani jiwe moja huwa limefunikwa na sakafu ya saruji au limemezwa na ukuta, na lile lisiloonekana ndilo la kuuliziwa kwanza. Kisha mwende nyuma: muulize fosi septiki, yaani shimo la maji machafu ya choo, iko wapi. Nimekwisha kuona chumba kimejengwa juu ya kifuniko chake, kitanda kimewekwa juu ya zulia, na nyufa zinapanda ukutani kutoka kona ileile. Tazameni pia mahali anekse inapoungana na nyumba kubwa. Ufa wa wima uliozibwa kwa saruji mpya na kupakwa rangi unaonyesha kwamba misingi haikushuka pamoja, na ni afadhali mwangalie baada ya mvua kubwa kuliko mwezi wa Julai.

Baba wa Katuba

Mtu akiwashauri mmngoje muuzaji atafute kibali, mimi sikubaliani naye. Mtu aliyekaa miaka yote bila karatasi hataanza kukimbia ofisini kwa ajili ya mnunuzi, na mkimlazimisha ataleta karatasi ambayo hamtajua imetoka wapi. Kama mpima atasema kila kitu kiko ndani ya mipaka, lipeni bei ya nyumba kubwa na kiwanja, anekse muihesabu kama vifaa vya ujenzi tu, duka msilihesabu kabisa, kisha mwombe kibali ninyi wenyewe kwa jina lenu. Akikataa bei hiyo, mwacheni. Na msimsahau mpangaji: sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu kodi ya nyumba inaweka kikomo cha kodi ya miezi mitatu kwa dhamana ya nyumba ya kuishi, yaani fedha anazoweka mpangaji anapoingia, na dhamana hiyo iko mfukoni mwa muuzaji. Ikatwe kwenye bei, la sivyo mpangaji atakapohama atawadai ninyi.

Mama wa Kampemba

Asanteni, wazee wangu. Mume wangu amesoma majibu yenu, naye amekubali mpima aende kwanza. Lakini muuzaji anasema kuna mnunuzi mwingine, na bila avansi hatatungoja. Tufanyeje?

Wakili, Kamalondo

Mnunuzi mwingine yupo karibu kila mara, Mama. Mkilazimika kutoa kitu, kiwe kidogo, mbele ya notere (afisa anayethibitisha mikataba), kwa maandishi yanayosema kwamba fedha zitarudishwa zote ikiwa vipimo vitaonyesha sehemu yoyote ya jengo imevuka mpaka, au ikiwa ofisi ya hati za ardhi itaonyesha kwamba kiwanja kina rehani au kesi. Kabla ya hapo mwende wenyewe ofisini hapo na nambari ya hati, bila komisionere. Kuhusu bei, namfuata Baba wa Katuba, isipokuwa jambo moja: sehemu ya fedha ibaki kwa notere mpaka hati mpya itoke kwa majina yenu. Muuzaji anayekataa sharti la vipimo peke yake, wakati mengine yote ameyakubali, huenda anajua jiwe la mpaka liko wapi.