MJADALA: Tuzo za ziara za wanafunzi Dar es Salaam, nani atoe na kwa kigezo gani?

Mleta mada (mzazi, Tabata)

Wakuu, habari za jioni. Kuna pendekezo linazunguka kwenye magrupu ya wazazi na walimu hapa Dar: kila mwaka itolewe tuzo kwa eneo bora la ziara za wanafunzi, na nyingine kwa kampuni bora inayowapeleka. Mshindi apatikane kwa kura za simu, na gharama za hafla zibebwe na wadhamini, yaani kampuni hizohizo. Tuzo naiunga mkono. Kura na wadhamini wa namna hiyo napinga, na naomba tulijadili mapema.

Nianze na kwa nini nataka tuzo. Leo mzazi analetewa karatasi: ziara ya kimasomo, Mikumi, lipa kabla ya Ijumaa. Haelezwi basi ni la nani, madereva ni wangapi, mwongozaji ni nani, wala mtoto anakwenda kujifunza nini. Mikumi ni kama kilomita 300 kutoka hapa. Shule nyingi zinakwenda na kurudi siku hiyohiyo. Watoto wanakusanyika saa kumi alfajiri, wanafika jua limeshapanda na wanyama wengi wameshajificha vivulini, wanazungushwa kidogo, wanakula, wanageuza. Wanarudi usiku, na anayewaendesha ni dereva aliyeamka kabla yao wote. Mtoto wangu aliporudi nilimuuliza amejifunza nini, akanitajia twiga na soda. Simlaumu yeye. Hakuna mtu aliyemwandalia kitu kingine cha kukumbuka.

Na hapa jijini tumekalia hazina. Makumbusho ya Taifa yapo tangu 1940. Mwanafunzi anayesoma chimbuko la binadamu anakutana pale na habari za Zinjanthropus, fuvu aliloligundua Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75. Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo, kina nyumba za asili za jamii mbalimbali za nchi hii zilizojengwa kwa vipimo halisi. Mwalimu wa hisabati akiingia na kamba pamoja na wanafunzi wake, wanapima wenyewe mzingo wa msonge, ile nyumba ya mviringo. Wa jiografia anauliza kwa nini tembe ya Wagogo ina paa bapa la udongo na nyumba za kwingine zina paa kali la nyasi. Nenda Kaole, nje kidogo ya Bagamoyo: magofu ya misikiti na makaburi ya mawe ya matumbawe, mengine ya tangu karne ya 13, na mikoko ipo jirani. Historia, jiografia na biolojia kwa nauli moja.

Sasa tatizo. Ubora wa sehemu hizi unategemea siku hiyo umempata mwongozaji gani. Mwaka jana nilisindikiza darasa la mwanangu sehemu moja ambayo siitaji. Watoto zaidi ya mia walipitishwa kwa mkupuo mmoja. Wa mbele walisikia, wa nyuma walisukumana, na maswali yalikatazwa kwa sababu shule nyingine ilikuwa inasubiri mlangoni. Wiki hiyohiyo mzazi mwenzangu alipeleka watoto palepale, akampata mama mmoja aliyewagawa makundi madogo, akawapa kila kundi kitu cha kutafuta na kueleza wenzao. Watoto wake mpaka leo wanasimulia. Huyo mama hajulikani na yeyote nje ya geti lile. Tuzo ndiyo ingemfanya ajulikane, na wenzake wajue ndivyo inavyotakiwa.

Kura hazitamwona. Tuna mfano wa karibu: Serengeti imekuwa ikishinda tuzo za utalii za World Travel Awards kama hifadhi inayoongoza Afrika tangu 2019, na kila msimu tunahimizwa kupiga kura. Kwa kazi ya kuitangaza nchi, sawa kabisa, kwa sababu lengo ni jina lijulikane. Lakini ziara ya watoto haihitaji jina. Inahitaji mtu aende, akae nyuma ya kundi, asikilize kinachosemwa, ahesabu walimu, afungue mlango wa choo cha wasichana aone kama kuna maji. Uingereza wana Sandford Award ya elimu ya urithi, ipo tangu 1978. Majaji wanafika kwenye eneo, na tuzo inadumu miaka mitano tu, baada ya hapo unakaguliwa upya. Wana pia beji ya ubora ya ziara za wanafunzi, ambayo huipati mpaka ufaulu mambo mawili kwa pamoja, elimu na usalama. Mwenye basi zuri na mwongozaji mbovu anakosa. Mwenye mwongozaji hodari na basi bovu naye anakosa. Hicho ndicho kigezo ninachokitaka.

Karibuni.

Mwalimu wa sekondari ya serikali, Mbagala

Mzazi, nimekusoma, na napingana nawe kwenye msingi wenyewe. Unazungumzia tuzo kwa shule zinazoweza kutuma hiyo karatasi. Mimi siwezi kuituma. Tangu 2016 elimu ni bila ada, na mchango wowote unahitaji ridhaa ya wazazi na taratibu zake, jambo ambalo naliunga mkono maana najua nyumba wanazotoka wanafunzi wangu. Nikiomba hela ya basi, nusu ya darasa inabaki. Na wanaobaki ni walewale ambao hawajawahi kuvuka Mto Mzinga isipokuwa kwenda msibani.

Sasa wewe unampa eneo fulani ngao na cheti. Mwezi unaofuata bei inapanda. Shule binafsi zinajaza kalenda. Mimi nikipiga simu naambiwa njoo mwezi wa kumi, wakati wa mitihani. Nimeishi jijini muda mrefu, najua kitu kikishapewa jina bora kinakwenda kwa nani.

Mtaala ulioanza 2024 unataka umahiri, mwanafunzi aone na atende. Nakubaliana nao kwa moyo wote. Lakini nionyeshe tuzo inayouliza: mwaka huu ulipokea shule ngapi za serikali, na uliwapunguzia nini? Kama swali hilo halimo kwenye fomu, mimi simo.

Pia tuache kudhani eneo la ziara ni lile lenye geti na tiketi. Nimewahi kuwapeleka wanafunzi wa kemia kwenye mtambo wa kusafisha maji wa Mto Ruvu. Fundi mmoja wa zamu aliwaonyesha maji yanavyoingia yakiwa na tope, yanawekwa dawa ya kugandisha uchafu, yanatuama, yanachujwa, kisha yanatiwa klorini. Vijana walinyamaza kwa sababu kesho yake wangeyanywa. Huyo fundi hayumo kwenye biashara ya utalii na hakuna kampuni itakayempigia kura. Halafu soko la samaki Feri, asubuhi, na mwalimu wa biashara anayejua kuuliza maswali: mnada, bei, barafu, nani anapata faida na nani anabaki na deni. Hapo gharama ni nauli ya daladala.

Mwenye kampuni ndogo ya ziara, Sinza

Nitasema kitu ambacho wenzangu hawatakisema. Mnajadili vigezo vya tuzo, lakini shule nyingi haziichagui kampuni kwa vigezo. Zinaichagua kwa cha juu.

Inakwenda hivi. Napeleka bei yangu, basi, viingilio, chakula, mwongozaji. Mhusika wa ziara shuleni ananiambia, ongeza kiasi fulani kwa kila mtoto, hicho ni changu. Nikikataa, kazi inakwenda kwa mwingine. Nikikubali, na wazazi wakilalamika bei, kinachopunguzwa si cha juu. Kinapunguzwa chakula, anapunguzwa mwongozaji, linatafutwa basi la bei ya chini. Mtoto ndiye anayelipa mara mbili. Wapo walimu wengi safi, nafanya nao kazi na nawaheshimu sana, lakini hili lipo na kila mtu kwenye biashara hii analijua.

Kwa hiyo kama mnataka tuzo iwe na maana, sharti la kwanza liwe mchanganuo wa bei uandikwe na ufike kwa mzazi: basi kiasi gani, kiingilio kiasi gani, chakula kiasi gani. Kampuni isiyokubali hilo isiingie hata kwenye kushindanishwa. Mtaona wangapi watabaki.

Kuhusu ukaguzi, mleta mada, nani ataulipia? Mimi tayari nina leseni ya biashara ya utalii, ile ya TALA, mabasi ninayokodi yana leseni ya LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, kodi nalipa. Ukija na ada ya ukaguzi, kampuni kubwa zitalipa siku hiyohiyo na sisi wenye gari moja au tunaokodi tutatoka. Kura angalau ni bure.

Mama, Kimara

Naomba niongeze jambo moja. Mwanangu anatumia kiti cha magurudumu. Kila ziara naombwa kwa upole asiende, kwa usalama wake. Sijawahi kuulizwa kama ningependa kumsindikiza. Eneo lenye ngazi mlangoni na choo kisichoingilika lisiitwe bora, hata kama lina simba.

Mchangiaji, Kigamboni

Mimi naona mnawabana watoto. Darasani wanakaa mchana kutwa, jioni tuisheni, Jumamosi tuisheni. Ziara moja kwa mwaka mnataka wapime mzingo wa msonge! Waacheni wakaogelee wacheke. Mtoto aliyefurahi na wenzake na walimu wake anaipenda shule, na hilo nalo ni elimu. Boti ya kwenda kisiwa cha Mbudya na mtu mmoja wa kuwaonyesha matumbawe inatosha kabisa.

Dereva wa basi, Ubungo

Matumbawe mazuri, lakini maboya ya watoto yawepo kwenye boti kwa idadi yao, si manne kwa watoto arobaini.

Kuhusu barabara. Tarehe 6 Mei 2017 tulipoteza wanafunzi 32, walimu wawili na dereva kule Karatu, watoto wakielekea kufanya mtihani wa pamoja na shule nyingine. Sisi madereva hatujaisahau siku ile. Ninachojua kwenye kazi yangu ni kwamba Mikumi kwenda na kurudi siku moja na dereva mmoja ni hatari, na anayepanga ratiba hiyo anajua. Dereva hana sauti ya kukataa, akikataa anaitwa mwingine. Andikeni kwenye vigezo: madereva wawili, au kulala. Kama hela haitoshi, siku hizi treni ya umeme ya reli mpya, SGR, inafika Morogoro chini ya saa mbili, tangu Juni 2024. Basi liwapokee kule wakiwa wazima. Na ndani ya treni mwalimu wa fizikia ana somo la bure la umeme na mwendo.

Mleta mada (mzazi, Tabata)

Asanteni. Nijibu kwa ufupi, maana mengine mmeshajibizana vizuri kuliko mimi.

Ndugu wa Kigamboni, kucheka kuwepo, sina ugomvi nako. Ila kama ni kuogelea, kuandikwe kuogelea, mzazi aamue akijua na amuulize mwokoaji yuko wapi. Kinachoniuma ni bwawa kuitwa somo la jiografia kwenye risiti.

Mwalimu wa Mbagala, hoja yako imenihamisha kidogo. Nilikuwa nafikiria mshindi mmoja kila kundi. Sasa naona bora pasiwe na mshindi kabisa: kuwe na cheti, na kila anayefikia kiwango anakipata, wawe watatu au thelathini. Kisichokuwa na mshindi mmoja hakipandishi bei ya mmoja. Na nafasi za shule za serikali ziwe sharti, si alama ya ziada: eneo lisilotenga siku za bei nafuu katikati ya muhula halipati cheti hata kama mengine yote limefaulu. Fundi wa Ruvu aweze kupendekezwa na mwalimu yeyote kwa barua ya ukurasa mmoja, bila kujaza fomu wala kulipa.

Dada wa Kimara, la mlango na choo ni sharti pia. Na si eneo tu, hata shule iliyokuomba mtoto asiende inatakiwa ijibu.

Ndugu wa Sinza, mchanganuo wa bei nauweka namba moja, na nakushukuru kwa kulisema hadharani. Kuhusu nani alipe ukaguzi, kura ya bure sikubaliani nayo, kwa sababu kampuni yenye hela ya kuwanunulia watu vifurushi vya simu ili waipigie kura ndiyo itakayoshinda, na wewe wa gari moja utatoka vilevile. Pendekezo langu: wakaguzi wawe walimu wa masomo na wazazi wawili kutoka shule tofauti, wanaokwenda pamoja na ziara ambayo ingefanyika hata hivyo, viti vyao vikiwa ndani ya basi hilohilo. Gharama inabaki chakula chao na muda wao. Wasitoke shule inayokaguliwa, wala wasijulikane kwa kampuni kabla ya siku yenyewe.

Kwa hiyo naomba walimu waliopo hapa waseme wazi: mkuu wa shule atamruhusu mwalimu wake kutoka siku moja kwa muhula kwenda kukagua ziara ya shule nyingine? Au mpaka Afisa Elimu wa wilaya aandike barua? Nikipata jibu la hilo kutoka Temeke, Ilala, Kinondoni, Ubungo na Kigamboni, wiki ijayo naandika rasimu ya fomu na kuileta hapa muichambue.