Kikopo cha shaba cha marehemu babu: ni dira au ni kitu kingine?

Mwana wa Kirumba: Habari za jioni, wanajukwaa. Katika sanduku la marehemu babu, aliyewahi kuwabebea wapima ardhi vyombo vyao huku Kanda ya Ziwa, tumekuta kikopo cha mviringo cha shaba, chenye upana wa sentimita 7 na nusu hivi, kinachoenea kiganjani. Kifuniko hufunguka kwa kuzungushwa. Juu yake kuna tao lenye namba kuanzia 0 hadi 120, kifundo cha kuzungusha na lenzi ndogo, na ndani mna vioo viwili. Baba mdogo anashikilia kwamba ni dira iliyopotewa na sindano, na fundi saa mmoja yuko tayari kuking'arisha kwa dawa ya shaba. Naomba kujuzwa kabla hatujamkabidhi.

Mpimaji Mstaafu: Ndugu, msimkabidhi. Hiyo ni sekstanti ya mfukoni, chombo cha kupimia pembe kati ya vitu viwili, ambacho William Jones wa London alikibuni mwishoni mwa karne ya 18. Kioo kimoja kimepakwa fedha nusu tu: katika nusu iliyo wazi unaona kitu cha kwanza moja kwa moja, na katika nusu ya pili unaona taswira ya kitu kingine iliyoakisiwa mara mbili. Unazungusha kifundo mpaka vikutane, kisha unasoma pembe kwa lenzi. Kioo kikigeuka digrii 1, mwali hugeuka digrii 2. Ndiyo maana tao la digrii 60, yaani sehemu ya sita ya duara, hupima hadi 120.

Tao hilo kwa kawaida ni la fedha na mistari yake ni myembamba mno, hivyo dawa ya kung'arisha itaifuta. Tazameni pia skrubu moja ya juu inayoonekana kama haishiki kitu. Mara nyingi huo ndio ufunguo wa kurekebishia vioo.

Nahodha wa Pantoni: Naongeza tahadhari: nakala za mapambo ziko nyingi, nazo huchongwa jina la London na mwaka kwa herufi kubwa, lakini mistari yake ni minene na vioo havikutani. Wekeni 0, kisha mtazame ukingo wa kisiwa cha Saanane. Ukionekana mmoja, chombo ni kizima. Je, kinaweza kupima kimo cha jua la adhuhuri juu ya upeo wa macho?

Mpimaji Mstaafu: Ziwani, penye upeo wazi, kinaweza. Nchi kavu ndipo penye kazi, kwa sababu badala ya upeo lilitumika karai la zebaki, linaloakisi jua kama kioo: unapima pembe kati ya jua na taswira yake humo, nayo ni maradufu ya kimo chake. Mwanza iko digrii 2 na nusu kusini ya ikweta. Hata mwezi Juni, jua la adhuhuri linapokuwa chini kuliko wakati wote, hufika digrii 64, na maradufu yake ni 128. Tao la 120 halitoshi, kwa hiyo wasafiri wa zamani waliopita huku na karai lao walilazimika kukesha wakipima nyota.

Mwana wa Kirumba: Ahsanteni sana, wakuu. Skrubu imetoka, na chini yake ina tundu la mraba. Baba mdogo hajasema neno. Amekichukua kikopo na yuko uani anapima mnara wa simu.